Ngitili Katika Maji

Liko neno moja katika nchi ya Geita ambalo hutumikia kazi mbili bila kuchoka. Mvuvi akisema mwalo, ana maana ya ufuko ambapo mitumbwi hupandishwa alfajiri, samaki wakapimwa, wachuuzi wakapatana bei na watoto wakagombea dagaa waliomwagika. Mchimbaji mdogo wa dhahabu akisema mwalo, ana maana ya mahali pake pa kuoshea unga wa mawe: ubao umelazwa kwa mteremko, umetandikwa kitambaa au gunia, maji yanamiminwa juu yake, vumbi linakwenda zake na kile kizito kinabaki. Ukipanda basi la kutoka Geita kwenda Chato na kumsikia abiria wa nyuma akilalamika kwamba mwalo wake haulipi mwaka huu, huwezi kujua kama anarudi kwenye harufu ya samaki au kwenye makelele ya makarasha, mpaka uitazame mikono yake. Watunga kamusi watajua wenyewe kama hili ni neno moja lililotawanyika au ni maneno mawili yaliyokutana njiani. Jambo lisilo na shaka ni kwamba mialo yote miwili hutaka maji, na kwamba maji ya mmoja mwishowe hufika kwa mwingine.

Kati ya watu walioisikia tofauti hiyo kwa sikio la mgeni alikuwa mwalimu mmoja, mzaliwa wa Shinyanga, aliyepelekwa kufundisha shule ya sekondari katika mwambao wa Chato, upande wa Muganza. Alikuwa amekulia katika nchi ambayo maji hayaonekani, hutafutwa. Utotoni mwake, kila kiangazi, mama yake aliondoka kabla ya jogoo kuwika kwenda kufukua mchanga katika mto uliokauka, akangoja kikombe kwa kikombe mpaka ndoo ikajaa. Basi siku ya kwanza alipoliona ziwa alisimama kimya kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake, kwa maana hakuweza kufahamu ni jambo gani la duniani lingeweza kuwagombanisha watu walio na maji kiasi kile. Kucheka huko alikukumbuka baadaye kwa haya.

Kutoka mwambao ule kisiwa cha Rubondo huonekana waziwazi. Asubuhi ni mstari wa vilima vya kijani kibichi juu ya ukungu, na jioni hugeuka rangi ya zambarau mpaka giza kikakifunika. Urefu wake kutoka kaskazini hata kusini ni kama kilometa 28, na upana wake mahali pengine hauzidi kilometa chache, na pembeni yake viko visiwa vidogo vinavyokizunguka kama vifaranga. Karibu chote ni msitu. Mipaka ya hifadhi haikomei kwenye nchi kavu. Imeingia ziwani, ikakumbatia ghuba na vichaka vya mafunjo ambamo nzohe, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni, hujificha na maji yakimfika shingoni. Viboko wako, mamba wako, na furukombe ni wengi hata mlio wao ni kama saa ya mahali pale. Hakuna kijiji. Hakuna mtumbwi wa kuvua unaoruhusiwa kuingia.

Mgeni hudhani kwamba kisiwa hicho kimekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Wazinza walikaa Rubondo, wakavua, wakalima, wakazika wafu wao na kutambika. Mwaka 1965 kisiwa kilifanywa pori la akiba, na wakazi wakahamishiwa visiwa vya jirani na ng'ambo. Mwaka 1977 kikapandishwa daraja kuwa Hifadhi ya Taifa. Kati ya miaka hiyo miwili ilitendeka kazi ya ajabu. Kuanzia 1966 hata 1969 Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walileta sokwe 17 ambao walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya. Wale wa kwanza walisafiri kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha wakapelekwa ziwani, wakafunguliwa mlango, wakaambiwa kwa vitendo: Haya, hii ndiyo nyumba yenu. Kabla ya hapo hapakuwa na sokwe Rubondo. Nao, ingawa walikuwa wamezoea chakula cha kuletewa na mlinzi, walijifunza tena kula matunda ya msitu na kujenga viota juu ya miti, wakazaa, na wajukuu wao leo hawamjui Mzungu wala chuma cha tundu. Mwaka huo huo wa 1966 mgodi wa zamani wa Geita, uliokuwa umefanya kazi tangu 1936, ulifungwa. Watu wa nchi ile walioishi miaka hiyo waliona mambo yakienda kinyume kwa wakati mmoja: waliozoea kushuka shimoni wakirudishwa mashambani, waliozoea kisiwa wakivushwa bara, na wageni wenye manyoya wakishushwa kwenye ufuko ulioachwa wazi.

Mwalimu alioa katika mwambao ule. Baba mkwe wake alikuwa mmoja wa watoto waliovushwa. Alikuwa na umri wa kama miaka saba, na kumbukumbu aliyobaki nayo ilikuwa ndogo: jiwe pana ambalo mama yake alianikia samaki, na mbwa aliyekimbia ufukoni kufuata mtumbwi mpaka maji yakamzuia. Jambo jingine alilolisimulia mara nyingi ni kwamba walipofika ng'ambo hawakukuta ufuko. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilikuwa zimelipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, likameza mashamba, njia na mialo ya zamani. Hivyo watu waliohamishwa kutoka ukingo mmoja walipokelewa na ukingo mwingine ambao nao ulikuwa umekwisha kuhama.

Mzee hakuwa mtu wa kulalamika. Jioni moja mkwewe alimwuliza kwa adabu, wameketi nje wakitazama kisiwa, kama bado ana uchungu.

"Mwanangu," alisema mzee, "uchungu wa nini? Serikali ilisema tuondoke, tukaondoka. Mimi nashangaa jambo moja tu. Sokwe alitoka Ulaya akapewa kiwanja. Mimi nilitoka hapo."

Mwalimu hakuwa na jibu, wala hakujaribu kulitafuta usiku ule.

Sasa ni lazima kusema kidogo juu ya ukingo wa ziwa, kwa kuwa watu wengi wa bara huudhani kuwa ni mstari tu, upande huu maji na upande huu ardhi. Ukingo una upana, na ndani ya upana huo yamo maisha mengi kuliko kilindini. Sato dume huchimba kiota cha mviringo katika mchanga wa maji mafupi, na jike akisha kutaga huyabeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga hukimbilia kinywani humo vikiona hatari. Sangara, ambaye akikomaa ni jitu la kilindi, utotoni hukaa karibu na majani. Matete na mafunjo hupunguza nguvu ya mawimbi na kuyazuia matope yanayoshuka na mvua. Katika kisiwa kidogo mambo haya hayana nafasi ya kurudi nyuma. Ufuko wa bara ukiharibika, liko pori nyuma yake, na kijito cha pili, na ghuba ya tatu. Lakini kisiwa ni ukingo mtupu uliozunguka kipande cha nchi, na aliyeukata ukingo wake amekata kisiwa chenyewe.

Aidha, maangamizi yake hayatoki kwake. Shimo la mchimbaji halisimami bila matimba ya kuzuia kuta, na matimba ni miti. Tanuri la mkaa ni miti. Mji unaokua kwa dhahabu hupikia miti. Mlima ukiachwa uchi, mvua ya kwanza ya Novemba huubeba udongo wake mwekundu, na vijito vya kaskazini mwa Geita vyote huujua njia ya kwenda ziwani. Katika visiwa vya majabali vya kusini mwa ziwa hili wanaishi furu, samaki wadogo wa rangi nyingi, ambao aina zao nyingine hupatikana katika majabali machache tu. Mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 jambo linalostahili kufikiriwa. Furu jike humchagua dume kwa rangi, na maji yakiwa machafu hawezi kuiona; basi aina mbili zilizokaa mbalimbali kwa macho tu huanza kuchanganyika, na mwisho inabaki moja. Sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, amewala furu wengi hata aina kwa mamia zikatoweka. Lakini tope halihitaji meno. Linamaliza aina ya samaki bila kumwua samaki hata mmoja.

Iko pia zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga ulioshikwa kwenye mwalo wake, ikaikamata dhahabu, kisha huichoma, nayo nyingine huruka na moshi, nyingine hubaki katika marudio na kungoja mvua. Ikifika matopeni, vijidudu huigeuza kuwa sumu ya namna nyingine, inayopenya katika mwili wa samaki mdogo na kuzidi katika mwili wa yule amlaye. Haifai kumtisha msomaji bure: sangara wa ziwa hili waliopimwa kwa kawaida wamekuwa chini ya kiwango cha hatari, na Tanzania iliridhia mwaka 2020 mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Walakini hatari ya namna hii hukusanyika polepole, na ukingo wenye mafunjo ndio ghala yake ya kwanza. Anayefyeka mafunjo huifungua ghala hiyo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliwapa wavuvi wenyewe sehemu ya ulinzi, na kila mwalo ukawa na kamati yake. Mwalimu, kwa kuwa aliandika haraka na hakuwa na mtumbwi, alichaguliwa kuwa katibu. Kazi yake ilikuwa rahisi mpaka usiku ule walinzi wa kamati walipokuta kokoro limefichwa katika matete. Kokoro ni wavu mrefu wa matundu madogo, unaozungushwa kwa mtumbwi mpaka ukafanya nusu ya mwezi, kisha watu wakashika kamba safu mbili na kuuburura ufukoni. Hukwangua chini, ukaleta kila kitu: sato na viota vyao, sangara wa kimo cha kidole, mayai, majani, mawe. Limepigwa marufuku, na hakuna mvuvi asiyejua sababu. Walinzi walilitoa, wakalitandaza, wakatambua fundo la kamba yake. Palikuwa na fundi mmoja tu katika mwalo ule aliyefunga fundo la namna ile, naye alikuwa baba mkwe wa katibu.

Wajumbe wakamtazama mwalimu. Mmoja akasema kwa sauti ya upole kwamba mafundo hufanana, na kwamba usiku hapakuwa na mwezi. Mwalimu alifahamu vema zawadi aliyokuwa akipewa. Angeandika katika kitabu chake kwamba mwenye wavu hakujulikana, wavu ungepelekwa kwa afisa uvuvi, na nyumba yake ingelala salama. Aliomba siku mbili.

Siku hizo mbili alizitumia kufikiri juu ya ngombe. Katika Usukuma kila mfugaji mwenye busara hutenga kipande cha malisho kiitwacho ngitili. Mvua zikianza hufungwa. Nyasi na miti huachwa vikue, hata kama ngombe wanalia upande wa pili wa mpaka. Kiangazi kikikaza hufunguliwa sehemu kwa sehemu, wakatangulia ndama, maksai wa kulimia na ngombe waliodhoofika. Avunjaye mpaka hushitakiwa mbele ya dagashida, baraza la watu wote, na hulipa. Desturi hiyo ilikaribia kufa. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza kwa kufukuza mbung'o, kisha kwa pamba na kuni, mpaka mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wataalamu wake walikuwa na unyenyekevu wa kutosha kuuliza wazee walifanya nini zamani. Ngitili zikarudi, za watu binafsi na za vijiji, zikaenea hekta laki tatu na zaidi. Baba wa mwalimu alikuwa na ngitili yake, na mwanawe alichapwa mara moja tu katika maisha yake, kwa kuingiza mbuzi humo kabla ya siku.

Kabla ya siku: hapo ndipo fikira zake zilipokwama. Ngitili hutiiwa kwa sababu siku yake yajulikana. Mtoto mwenye njaa anaweza kuhesabu. Hata katika bahari ya chumvi, vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimejifunza kufunga mwamba wa pweza kwa miezi, na siku ya kuufungua wanawake na wanaume hushuka wote pamoja kuchokoa pweza, wakaona kwa macho yao kwamba aliyeachwa mdogo amerudi mkubwa. Rubondo nayo ni ngitili, tena kubwa. Imefungwa tangu 1965. Nayo hufunguliwa kila siku, lakini chini ya maji: samaki aliyekulia katika ghuba zake huvuka mpaka usioonekana na kuingia katika wavu wa mtu wa Muganza, wala mtu huyo hamjui aliyemfuga. Anaona kufungwa, hakuoneshwa kufunguliwa. Ndipo mwalimu alipoanza kufahamu kwamba baba mkwe wake hakuwa mwizi wa samaki hasa. Alikuwa mtu aliyechoka kungoja siku ambayo hakuna aliyemtajia.

Kumwelewa mtu, hata hivyo, si kumwachilia.

Palikuwa na jambo jingine lililomtatiza, nalo ni la sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema, na mwalimu aliwafundisha wanafunzi wake. Lakini ukingo ni upi? Mwaka 2020 maji yalirejea kwenye alama yao ya 1964, na mwaka 2024 yakaipita. Nyumba zilizojengwa mbali na maji zikajikuta zimeyapokea maji sebuleni. Vipande vya mafunjo viling'oka na kuelea kama visiwa vipya. Yule aliyepima hatua zake kwa uaminifu akawa mvunja sheria bila kusogeza jiwe. Nyumba ya mzee ilikuwa mojawapo. Kwa mara ya pili katika maisha yake ukingo ulikuwa ukimhamisha.

Usiku wa pili mwalimu alikwenda kwa mkwewe. Alisalimia kwa kuinama, akaketi chini, akakaa kimya kama inavyompasa mkwe. Baada ya chakula alisema, "Baba, nimekuja kukuomba radhi kabla ya kosa. Kesho nitalisoma jina lako."

Mzee alitia kuni motoni. "Mwenye kitabu ni wewe."

"Kokoro ni lako, baba?"

"Fundo uliliona. Mbona unaniuliza kama mgeni?" Kisha, baada ya muda: "Kwenu Shinyanga sasa mnakunywa maji ya bomba. Yanatoka wapi?"

Mwalimu alijua yanatoka wapi. Yalivutwa kutoka Ihelele, ufukoni mwa ziwa lile lile, na tangu 2009 yamekuwa yakifika Kahama na Shinyanga. Mama yake, aliyefukua mchanga nusu ya maisha yake, sasa alikuwa na bomba karibu na mlango.

"Yanatoka hapa, baba."

"Basi na ninyi mnakaa mwambaoni," alisema mzee. "Ila ninyi hamna kamati."

Kesho yake mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, kwa maana habari haina mguu uliovunjika. Kabla katibu hajafungua kitabu chake, mzee alifika akifuatwa na vijana wawili waliobeba kipande cha pili cha kokoro, ambacho walinzi hawakukiona. Akaagiza kiwekwe juu ya kile cha kwanza. Alisema kwamba nyavu ni zake, faini atalipa, na kwamba anataka mkwewe aandike jina lake kwa herufi kubwa zisomeke, maana tangu alipovushwa hajaandikwa popote. Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Kisha akauliza swali moja. Akaelekeza fimbo yake ng'ambo, ambako ukungu ulikuwa umeanza kuinuka juu ya vilima, akasema kwamba amesikia habari za malisho ya Wasukuma, kwamba hufungwa na kufunguliwa, na kwamba ni desturi ya watu wenye akili. Yeye hataki kurudi kukaa kule. Mifupa yake imezoea upande huu. Anataka kujua ni nani anayehesabu samaki wanaotoka kule na kuja huku, na kama yupo, kwa nini asije mara moja kwa mwaka chini ya mwembe huu akasema hesabu yake mbele ya watu.

Mwenyekiti alimtazama afisa uvuvi. Afisa uvuvi, kijana mpole aliyehamia mwezi ule, aliutazama wavu. Mtu mmoja akapendekeza swali liahirishwe. Mwalimu alikuwa amekwisha kuandika jina la baba mkwe wake kwa herufi kubwa, na faini, na idadi ya vipande vya kokoro. Akaruka mstari mmoja, akaliandika na swali, maneno yale yale kama yalivyosemwa, na chini yake akaacha nafasi ya jibu, kama nusu ukurasa.